Sekunde Kumi na Moja za Sylveri

Nisikilizeni vizuri, maana hii sitaki kuirudia.

Kwanza mnijue. Mimi ni Samsoni, dereva wa fokolifti, lile gari la kunyanyulia mizigo, kwenye ghala moja hapa Louisville. Shule niliiachia darasa la sita, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, lakini muulizeni Mrundi yeyote kuanzia hapa hadi Buffalo ni nani anayefufua kompyuta. Atanitaja mimi. Kuna profesa mzima kule Amherst aliwahi kunipigia simu akibembeleza, nikamwambia apange foleni kama wenzake.

Jioni ile ilikuwa kazi ndogo tu. Jean Bosco, rafiki yangu anayekaa Highview, alikuwa na mchezo wa kuendesha lori kwenye kompyuta, na mchezo ulikuwa unakwamakwama. Lori linakwenda, picha inaganda kidogo, inaruka, inaendelea. Alisema unamtia kichefuchefu.

Nilifika kama saa kumi na mbili, jua likiwa linazama nyuma ya maduka. Nje theluji chafu. Akanishusha besimenti, chumba cha chini ya nyumba, ngazi kumi na tatu, akanimiminia chai. Tayari alikuwa amevaa kizibao chake cha kazi.

"Fundi mkuu," akasema, "leo umekuja na nyundo?"

"Nimekuja na kichwa. Nyundo ni yako, ndiyo maana mashine zako zote zinalia."

"Hii si yangu bwana. Ni ya marehemu kaka. Dada Florida ameileta kutoka Columbus, anasema haitaki kukaa kwake."

"Haitaki vipi?"

"Sijui. Ati akiiwasha, chai yake haiishi."

Tukacheka sana. Kisha akaangalia saa, akachukua chakula chake cha shifti.

"Ukimaliza vuta mlango, utajifunga wenyewe."

Nikasikia gari lake likiondoka. Nikabaki mimi na mashine.

Mashine yenyewe nilikuwa naijua. Sylveri, kaka mkubwa wa Jean Bosco, alifia Kenmore, kule Buffalo, akiwa ameketi mbele yake, usukani wa mchezo mkononi. Daktari alisema ni moyo. Mwezi wa kwanza tulikutana kule kuondoa matanga, na nani mwingine angeunganisha simu ya video? Mimi. Waliokosa ruhusa kazini walikuwa hewani kutoka Columbus na Louisville, na kutoka Nyarugusu alikuwepo baba yao mkubwa, Mzee Ruberwa, msemaji wa ukoo. Kwetu matanga hayaondolewi na yeyote tu. Msemaji husimama, akamwachia marehemu aende, kisha akawaachia walio hai warudi kwenye kazi zao. Nilitumia kompyuta ya Sylveri mwenyewe kwa kuwa skrini yake ni pana. Wakati wa kurudi nikaibeba kwenye gari langu, nikaishusha kwa dada yao Florida, Columbus, nikaendelea na safari.

Kuhusu simu hiyo kuna jambo sijalisema. Litakuja.

Nikawasha mchezo. Lori likatoka gereji, likashika barabara, mvua ikipiga kioo. Laini kabisa. Halafu...

Tk.

Picha ikaganda. Ikaruka. Ikaendelea.

Nikachungulia nyuma ya kasha. Waya wa skrini ulikuwa umechomekwa kwenye ubao mkuu badala ya kadi ya picha. Nikacheka peke yangu. Kosa la kitoto. Watu wanalipa mafundi kwa mambo kama haya. Nikauhamisha.

Tk.

Nikapuliza vumbi kwenye feni. Nikapima joto, mashine ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Nikaweka draiva mpya, programu ya kuendeshea kadi ya picha. Nikafunga programu zote zinazokula nguvu kimyakimya, moja baada ya nyingine. Nikazima intaneti. Nikashusha ubora wa picha mpaka miti ikawa kama kabichi.

Tk.

Ndipo nikafungua ule mchoro unaoonyesha mwendo wa picha. Mstari ulionyooka, kisha mwiba. Mstari, mwiba. Nikahesabu katikati ya miiba.

Sekunde kumi na moja.

Nikahesabu tena. Kumi na moja.

Mashine mbovu hukwama ovyo, kama mlevi anavyojikwaa. Hii ilikuwa inahesabu.

Nikachukua chai nijitulize. Nikainywa yote, nikaweka kikombe chini.

Tk.

Kikombe kilikuwa kimejaa. Kinafuka moshi.

Nikakitazama. Nikainywa tena, haraka, ikaniunguza ulimi. Nikakigeuza, tone la mwisho likaanguka sakafuni.

Tk.

Kimejaa. Sakafu kavu. Na ulimi hauniumi.

Saa ya kwenye skrini ilisema 6:41. Nilikumbuka ilisema 6:41 tangu zamani.

Kisha harufu ikaja. Dawa ya kuchua kifua, ile kali ya mnanaa. Buffalo ilimtesa Sylveri kwa baridi, alikuwa anajipaka mpaka shingoni. Mkikaa naye gari moja mnatoka mkinuka nyote.

Sikuaga mtu. Nilipanda ngazi mbio, na kitambi hiki na magoti haya ya uzee, nikafika juu, nikashika kitasa...

Tk.

Nimekaa kwenye kiti. Mkono uko kwenye kipanya. Lori linakwenda mvuani.

Nikajaribu tena. Nikafika kwenye kitasa, nikafungua, upepo ukanipiga usoni.

Tk. Kiti.

Mara ya tano nilikanyaga theluji. Niliiona nyumba ya jirani, mwanamke akitoa mifuko ya mboga kwenye gari. Nikafungua kinywa nimwite.

Tk. Kiti.

Nikang'oa waya wa umeme ukutani. Skrini ikazimika, besimenti ikawa nyeusi. Nikasimama gizani nahesabu. Tisa... kumi...

Tk. Waya uko ukutani. Lori linakwenda.

Nikampigia Jean Bosco. Haikushika. Nikampigia Mzee Ruberwa, ingawa kule ilikuwa usiku wa manane. Simu ikalia mara moja. Ikapokelewa.

"Alo... ni nani huyo..."

"Mzee, ni Samsoni, yale maneno ya..."

Tk. Simu iko mfukoni. Sijampigia mtu.

Nilimpigia mara sita. Mara sita aliuliza ni nani huyo, kwa usingizi ule ule.

Kisha nikasikia spika za masikio zilizokuwa mezani. Kuna mtu alikuwa anapumua ndani yake. Sikutaka kuzivaa. Lakini mtu akikosa pa kwenda hufanya hata asilotaka. Nikazivaa.

Ilikuwa sauti ya Mzee Ruberwa, ya siku ile ya matanga.

"Sylveri mwana wetu, sasa ondoka u..."

Tk.

"Sylveri mwana wetu, sasa ondoka u..."

Tk.

Sasa niseme nilichoficha.

Siku ile mtandao wa kambini ulikatika katikati ya maneno hayo hayo. Mzee aliganda kwenye skrini, mdomo wazi. Tukasubiri. Redio zilikuwa zimetangaza theluji, mbele yangu kulikuwa na saa tisa za barabara, na shifti ya alfajiri. Nikasema, "Jamani, tumesikia wote. Yamekwisha. Amina." Nikakata. Hakuna aliyebisha, kwa sababu aliyesema ni fundi. Mzee aliporudi hewani alimkuta kila mtu ameondoka.

Mtaniuliza tulimsubiri kwa muda gani kabla sijakata. Sikupima. Lakini sasa naujua.

Ndani ya spika, karibu na sikio langu la kushoto, sauti nyingine ikanong'ona. Si ya mzee.

"Fundi."

Nikazibana spika masikioni.

"Fundi... ilikwisha?"

Mimi ninayewacheka maprofesa, nililia pale kwenye kiti. Nikanong'ona, "Haikuisha. Nilikata. Nisamehe, Sylveri."

Tk.

"Fundi... ilikwisha?"

Hata kuomba msamaha kulifutwa. Nikaelewa kwamba kilichobaki ni kumaliza yale maneno, na kwamba mwenye haki ya kuyamaliza, Mzee, simu yake haidumu zaidi ya sekunde kumi na moja. Mimi si wa ukoo wao. Mimi si msemaji wa ukoo wowote, hata kwangu nyumbani mke wangu ndiye anasema. Lakini hakuwepo mwingine. Nikavuta pumzi, nikangoja tk ipite, nikasimama kama msemaji anavyosimama, kofia mkononi.

"Sylveri mwana wetu, sasa ondoka uende zako. Hakuna tena anayekushika. Na sisi utuache turudi kwenye kazi zetu."

Nikahesabu.

Tisa. Kumi. Kumi na moja.

Kumi na mbili.

Saa ya kwenye skrini ikaandika 6:42. Lori likateleza barabarani, laini kama maji, mstari kwenye mchoro umenyooka bila mwiba hata mmoja. Nilikuwa natoa spika masikioni ndipo sauti ikaja mara ya mwisho, karibu sana, nzito, ya mtu aliyepumzika.

"Haya, fundi. Twende."

Sikuzima kitu. Nilipanda zile ngazi, nikatoka, nikavuta mlango. Ukajifunga. Theluji ilikuwa theluji. Nikasimama nikahesabu hadi thelathini, nikabaki pale pale. Nikaingia kwenye gari nikicheka kama mwendawazimu.

Gari langu lina kawaida ya kulia mtu akikaa kiti cha abiria bila kufunga mkanda.

Lilianza kulia.

Kiti kilikuwa kitupu. Nilikiangalia muda mrefu. Kisha, msinicheke, nikauvuta mkanda nikaufunga juu ya kiti kitupu. Likanyamaza. Dakika kumi na tano tukaendesha hivyo, madirisha yote wazi kwa ajili ya harufu ile, na sikugeuza shingo.

Nilipofika nyumbani harufu ilikuwa imekwisha. Nikashukuru Mungu. Nikaegesha, nikafungua mlango wa nyumba polepole. Taa ya koridoni ilikuwa inawaka. Elisabeth, mke wangu, alikuwa chumbani akikunja nguo.

"Nani huyo?" akauliza.

"Ni mimi."

Akashusha sauti.

"Wewe nani?"

"Mimi Samsoni, mama. Una nini?"

"Samsoni ameshaingia," akanong'ona. "Amepita hapa sasa hivi ananuka dawa ya kifua. Hakunisalimia. Yuko bafuni anaoga."

Nikasikia maji, kweli. Mwisho wa koridoni, nyuma ya mlango wetu wa bafu.

Maji yakafungwa.

Kitasa kikageuka. Mlango ukaanza kufunguka, mvuke ukatoka, na nikaona vidole vikishika ukingo wa mlango. Kimoja kilikuwa na kovu lile lile langu. Nikatazama mkono wangu, pale fokolifti iliponibana mwaka juzi...

Tk.

Maji yakafungwa.