Siku za Whitney

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Jacklyne alimvisha mdogo wake Whitney viatu na kumpeleka katika shule ya chekechea hapo mtaani Kaloleni, na jioni baada ya mazoezi ya voliboli alimrudisha nyumbani. Mama yao aliuza nguo za mitumba katika soko la Gikomba. Marobota ya nguo hufunguliwa alfajiri, na anayechelewa huachiwa makapi, kwa hivyo mama aliondoka watoto wakiwa bado wamelala. Habari zote za chekechea alizipata kwa Jacklyne.

Whitney alikuwa na umri wa miaka mitatu. Nyumbani alikuwa na maneno mengi, hata kuku wa jirani aliwasalimia. Shuleni alinyamaza kabisa. Jumatano moja Mwalimu Mirriam alimwita Jacklyne langoni.

"Mwambie mama kwamba Whitney hachezi wala hali. Anakumbatia mkoba wake mpaka jioni. Siku tano ni nyingi kwake. Aje siku tatu kwanza, na siku mbili akae na mtu anayemjua vizuri. Akizoea, tutaongeza."

"Sawa, Mwalimu," Jacklyne alijibu.

Njiani alianza kuwaza. Mtu huyo angekuwa Nyanya Truphena, aliyeishi nyumba za nyuma. Lakini nyanya, alidhani, hangekubali kukaa na mtoto hadi jioni kama chekechea. Na nani angetumwa kumchukua Whitney huko mara tu baada ya masomo? Yeye, saa ileile ambayo timu ya voliboli hufanya mazoezi. Jacklyne aliitolea jasho nafasi yake katika timu muhula mzima. Msimlaumu haraka, nani kati yenu angeiachilia kwa furaha?

Jioni mama aliuliza, "Mwalimu amesemaje?"

"Amesema Whitney anaendelea vizuri. Anapenda shule sana."

Wiki mbili zikapita. Whitney akaanza tena kukojoa kitandani, jambo aliloliacha zamani. Hata kuku hakuwasalimia. Jacklyne aliyaona yote, na moyo ukamsuta.

Jumapili baada ya kanisa, mama alikuwa akimsuka Whitney. "Kwa kuwa huyu anaipenda shule hivyo," alisema kwa furaha, "nitamwomba mwalimu amchukue hata Jumamosi. Siku hiyo soko hujaa."

Whitney alijichomoa kutoka magotini mwa mama, nusu ya nywele ikiwa haijasukwa. Hakulia. Alichukua viatu vyake vya shule, akavitumbukiza kimoja kimoja katika ndoo ya maji, kisha akaifunika.

Mama alicheka. "Ai, wewe! Unafua viatu leo?"

Jacklyne hakuweza kucheka. Machozi yalimtoka. "Mama, nilikudanganya," alisema, akaeleza yote, hata habari ya voliboli.

Mama alimvuta Whitney kifuani. "Wiki mbili, Jacky? Mtoto anateseka, na mimi nafurahi tu?" Hakugomba zaidi, na hilo lilimuumiza Jacklyne kuliko kuchapwa.

Jumatatu mama aliyaacha marobota yafunguliwe bila yeye. Alikwenda kuzungumza na mwalimu, wakakubaliana: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Siku nyingine mbili Whitney angekaa kwa nyanya. Nyanya alipoulizwa kuhusu saa ya kumchukua, alishangaa.

"Mje hata saa kumi na mbili jioni. Kwani mimi ninakimbilia wapi?"

Kumbe mazoezi hayakuwa hatarini hata kidogo. Jacklyne aliinamisha kichwa kwa aibu.

Baada ya mwezi mmoja, Whitney alikuwa akimaliza uji wake shuleni na kuimba na wenzake. Mama alitamani kuongeza siku ya nne. Alimgeukia Jacklyne.

"Wewe ndiwe unayemwona kila asubuhi. Niambie, ataiweza?"

Jacklyne alifikiri. Alijua jibu ambalo mama angependa kulisikia. "Bado, Mama. Ijumaa huwa amechoka, analia langoni. Tungoje kidogo."

"Basi tutangoja," mama alisema, akimshika bega. "Mimi siwezi kuwa langoni, na Whitney bado hajui kujieleza. Ukinificha ukweli, wewe hutaumia, ataumia yeye. Leo umemsemea vizuri mdogo wako, na mimi nimekuamini."