Mkato wa Nanjala

Kilianza kama kitu cha kupuuzwa. Nanjala, mpiga chapa katika ofisi ya wakili mmoja katikati ya jiji, alibonyeza Control na S ahifadhi hati aliyoimaliza, na badala ya kuhifadhiwa, ukurasa ukajaa neno moja: nimekuja, nimekuja, nimekuja.

Akamtupia mwenzake, Wangu, jicho la pembeni. Meza zao zilipakana, na ni Wangu aliyemfundisha jinsi ya kubadilisha mikato ya kibodi, kila jozi ya vitufe kuipa kazi uitakayo.

"Wangu, umeguza mashine yangu?"

"Niguze ya nini? Si niko na yangu."

Nanjala akafungua mahali pa kupangia mikato, akafuta yote, akairudishia S kazi yake. Asubuhi iliyofuata neno lilikuwa limerudi, na chumba kilinuka nywele zilizoungua. Akaenda moja kwa moja kwa wakili, Bwana Mbuthia, akamshtaki mwenzake. Wakili akamwambia Wangu kwamba akirudia mchezo huo atafute kazi kwingine. Wangu aliinamisha kichwa, hakujitetea. Nanjala akaona hilo ndilo ungamo.

Wakati wa chakula cha mchana akarudi mapema amvizie. Akamkuta Wangu amesimama nje ya mlango, viatu mkononi.

"Usiingie," Wangu akanong'ona. "Sikiza."

Ndani vitufe vilikuwa vikilia. Nanjala akausukuma mlango upenyo mdogo tu, akaona kiti chake kimebonyea kama kimekaliwa, na vitufe vikishuka na kupanda vyenyewe, Control na S, tena na tena, na ile harufu ikamjia usoni nzito na ya moto kama pumzi ya mtu aliyemwinamia, kisha kiti kikaanza kugeuka, polepole, kikiwaelekea wao.

Walikimbia ngazi zote hadi barabarani.

"Nilidhani ni wewe," Nanjala akasema.

"Na mimi nilidhani ni wewe unanitafutia kufutwa kazi."

Jioni hiyo walimleta Mama Wamucii, mwombezi wa kanisa lao kule Kabiria. Aliweka kiganja juu ya kibodi, akauliza kwa sauti ya chini, "Nani alikuita?"

Herufi zikajitokeza moja moja: vidole vya Nanjala.

Mama Wamucii aliomba mpaka jasho likamlowesha kitambaa cha kichwa. Kioo cha mashine kikazimika, harufu ikatoweka. Bwana Mbuthia akaitupa mashine ile, na Nanjala akamwomba Wangu msamaha mbele yake.

Jumapili, kanisani, waumini wakashikana mikono kwa sala ya mwisho. Wangu akahisi vidole viwili vya Nanjala vikimbonyeza kiganjani, kwa pamoja, vikiachia, vikibonyeza tena.

"Acha basi," akanong'ona.

Nanjala alikuwa ameutumbulia macho mkono wake mwenyewe.

"Si mimi," akasema.