Ukuta Mbichi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, baba alimkagua Chiriku kama alivyokagua kuta za watu. Baba alikuwa fundi rangi. Alipitisha mgongo wa kidole kwenye vipele vya tetekuwanga, kimoja baada ya kingine, kisha akatoa hukumu.

"Begani bado pabichi. Usiguse mtu."

"Baba, mimi si ukuta."

"Ukuta una nafuu. Haubishi."

Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa kutofunga mdomo, alicheka, ila moyoni alikuwa na lake. Shangazi, baada ya kungoja miaka tisa, alikuwa amejifungua binti nyumba ya pili tu, na Chiriku alikuwa hajamwona hata ukucha. Muuguzi alishasema asitoke mpaka kipele cha mwisho kikauke kiwe gamba.

Siku ya sita vyote vilikauka, isipokuwa kimoja nyuma ya sikio. Kidole cha baba kilipofika shingoni, Chiriku aliinamisha kichwa, nywele zikafunika.

"Vimekwisha?"

"Vyote, baba."

"Haya. Kazi imekwisha, nyumba ikabidhiwe kwa mwenyewe."

Jioni hiyo alimpakata mtoto. Kichanga kilimshika kidole, kikang'ang'ania. Jirani mjamzito aliyekuja kumjulia hali mzazi akacheka: "Huyo hakuachii mpaka umlipie ada ya shule."

Siku zikapita, tano, kumi, kimya. Chiriku akajiambia kwamba watu wazima hutisha bure. Siku ya kumi na nne mtoto akawaka homa, malengelenge yakamtapakaa, pumzi ikawa ya kubanwa. Wakamkimbiza hospitali.

"Amekutana na mgonjwa?" daktari aliuliza.

"Huyu tu," shangazi alisema, "naye alikuwa ameshapona."

"Nilimkagua mwenyewe," baba alisema. Akavitazama vidole vyake, akavigeuza, kama vyombo vilivyomsaliti.

Hapo Chiriku hakuweza kuficha tena. "Kilibaki kimoja, nyuma ya sikio. Nilikificha."

Hakuna aliyemgombeza. Afadhali wangemgombeza.

"Siku gani?" daktari aliuliza. Alipojibiwa, alihesabu. "Ugonjwa huu huambukiza tangu siku mbili kabla ya vipele hadi cha mwisho kikauke. Ukishaingia kwa mtu, hukaa kimya siku kumi hadi ishirini na moja. Nani mwingine alikuwepo?"

"Jirani," Chiriku alisema. "Ana mimba."

"Aje leo hii apimwe. Umesema kwa kuchelewa, mwanangu, lakini umesema."

Jirani alipimwa, akakutwa salama, kwani damu yake ilikuwa na kinga tayari. Mtoto alirudi nyumbani baada ya siku kumi na tisa, amekonda, kilio chake hakifiki mlangoni. Chiriku alisimama kizingitini. Mwishowe shangazi, bila kumtazama, akasema, "Nawa mikono, uingie."

Chiriku akanyoosha kidole. Kiganja kidogo kilikishika, kisha kikaachia. Hakikuwa na nguvu.

Wakirudi kwao, baba alitembea naye taratibu.

"Ukuta mbichi ukiguswa, unaoharibika ni ukuta," alisema. "Mtu mbichi akigusa, anayeharibika ni mwenzake. Kesho ukiumwa, niambie ulivyo, si unavyotaka kuwa. Kidole changu hakioni mahali ulipoficha."

"Ndiyo, baba," Chiriku alisema. Hakuongeza jingine mpaka nyumbani.