Weupe Uliomchoma Kicheko

Ndugu zangu mnaolea mabinti na wadogo zenu, hebu nisikilizeni. Haya yalitokea kwenye saluni moja ndogo, nyuma ya duka la vitambaa. Msusi alifanya kazi humo pamoja na mdogo wake wa kike, binti mwepesi wa kucheka hata wateja wakambandika jina la Kicheko. Kila asubuhi walifungua dirisha, wakachemsha chai, wakachambua rasta huku wakitaniana. Maisha yalikuwa matamu.

Siku moja Kicheko akaitwa kwenye usaili wa kazi ya mapokezi hotelini. Alijitazama kwenye kioo, akafumba mdomo.

"Dada, meno yangu yana rangi ya chai. Nitampokea nani na meno haya?"

Msusi alimhurumia. Alikuwa na kichupa cha dawa ya kung'arisha meno alichouziwa na mchuuzi wa vipodozi, chenye maandishi ya lugha asiyoijua. Akampaka.

"Dada, inachoma!"

"Vumilia, mdogo wangu. Hata dawa ya nywele huchoma, ndiyo inafanya kazi."

Jamani! Nywele na mdomo wapi na wapi?

Meno yakang'aa kweli. Kazi akaipata, akaambiwa asubiri siku ya kuanza. Wateja nao wakaitaka dawa, na msusi akawapaka. Kicheko hakutosheka. Alipaka kila asubuhi, kisha akasugua kwa mkaa uliosagwa na limau. Meno yalipoanza kutia ganzi, alimficha dada yake.

Asubuhi moja alikunywa funda la maji baridi, akapiga ukelele. Kikombe kikaanguka.

"Fungua mdomo nione," msusi akasema.

Alichokiona kilimkata maini. Fizi zilikuwa nyeupe, zimechunika. Upande mmoja shavu, alilokuwa akilificha kwa mtandio, lilikuwa limevimba mpaka jicho likaanza kujifumba, na mwili ulikuwa moto kama pasi. Nyuma yake, kwenye kiti cha wateja, binti wa jirani, mwanafunzi bado, alikuwa amekaa akisubiri.

"Shangazi, zamu yangu bado?"

Msusi aliikwapua dawa mezani kana kwamba ni nyoka. "Toka! Nenda nyumbani! Usiiguse hii!"

Kliniki, daktari wa meno alimtazama Kicheko, uso ukabadilika.

"Gego hili lilikuwa na tundu?"

"Dogo tu, dokta," msusi alijibu. "Halikuwa likimsumbua."

"Dawa imepenya humo mpaka kwenye kiini, penye mishipa ya damu na ya fahamu. Kiini kimekufa, usaha umejaa. Uvimbe huu ukishuka shingoni, utamziba pumzi. Kaa nje, mama."

Msusi akakaa kwenye benchi. Kila mdogo wake alipogumia ndani, moyo ulimruka. Kukiwa kimya, aliogopa zaidi. Ni mimi niliyempaka, alijiambia. Kwa mkono wangu huu.

Hatimaye mlango ukafunguka. "Atapona," daktari alisema. "Gego nimeling'oa. Fizi zitarudia hali yake."

"Na meno ya mbele, dokta?"

"Tabaka gumu la nje limeliwa na limau na mkaa. Halioti tena kama kucha. Mngenijia mapema, ningeziba tundu kwanza, kisha ningeyang'arisha kwa kipimo. Sasa atayatunza yaliyobaki."

Hoteli haikumsubiri, ikamchukua mwingine. Kicheko akarudi saluni, na hadi leo hunywa maji ya uvuguvugu tu. Msusi alizunguka nyumba kwa nyumba akiwaonya wote aliowapaka. Mmoja alimfungia mlango. Mwingine, mshona nguo, alimsikiliza, kisha akaanza kulia.

"Kumbe ndiyo hiyo? Nashindwa kutafuna, na niliona aibu kusema."

Msusi akamshika mkono, wakaenda kliniki pamoja.

Funzo

Wazazi, dada na kaka, jino ni kiungo hai. Lina mishipa, linasikia maumivu, na gamba lake likishaisha halirudi. Dawa kali isiyo na kipimo huunguza fizi, na kwenye jino bovu hupenya mpaka ndani. Anayetaka meno meupe aanze kwa daktari wa meno, yakaguliwe, yatibiwe. Mkaa na limau viacheni jikoni. Mtoto akisema inachoma, usimwambie avumilie. Mwoshe mdomo upesi, umpeleke hospitali. Na wewe unayewapaka wenzako usichokijua, weka chini hicho kichupa leo hii.