Nani Analala Nyumba ya Wauguzi?

Foleni ya posta siku ya Ijumaa haina mkubwa wala mdogo. Ndege ya mizigo ilikuwa imetua baada ya kimbunga cha theluji kuizuia kusini, na mji mzima ulikuja kuchukua vifurushi vyake: huyu tairi, yule gitaa, mwingine sanduku la nyanya alizoagiza zikiwa ngumu na sasa zilifaa mchuzi tu. Sakafu ilikuwa imelowa, makoti yalinuka petroli ya pikipiki za theluji, na mstari ulitokeza nje ya mlango hadi kwenye baridi.

Siasi alisimama katikati ya mstari huo na koti la zambarau alilolishona mwenyewe, kofia yake imezungushiwa manyoya ya mbweha mweupe. Msichana mwenye koti kama lile hawezi kujifanya hajui anatazamwa. Nyuma yake lilisimama sanduku la pampasi, kubwa mno hata mbebaji wake alionekana miguu tu. Sanduku likamgonga mgongoni.

"Samahani, dada," likasema sanduku.

"Kamwombe samahani mkeo. Mtoto amelowa nyumbani, wewe huku unagongagonga wanawake."

"Sina mke. Ni za mtoto wa dada yangu."

"Wote husema hivyo."

"Wote kina nani?"

"Wote wenye pampasi."

Sanduku likashuka, ukatokeza uso wa kijana mwenye vishimo viwili mashavuni na pua nyekundu kwa baridi. Hakubishana. Alitoa simu, akampigia dada yake, akaweka sauti juu foleni nzima isikie. Dada akauliza kwa nini anachelewa, akasema mtoto amekwisha kuharibu taulo la pili, halafu akauliza huyo mwanamke anayecheka hapo ni nani na kama ni mzuri. Kijana, aliyeitwa Jutai, akajibu kwamba ni mzuri lakini ana shuku za polisi. Siasi akakubali kikombe cha kahawa, ila kwa masharti kwamba pampasi zifike nyumbani kwanza.

Mkahawani ndiko mambo yalikoanza kuharibika, na walikuwa hawajamaliza hata donati. Siasi alimuuliza anafanya kazi wapi, Jutai akasema serikalini. Jibu hilo halisemi kitu. Mji huu asiyefanya kazi serikalini ni kunguru peke yake. Siasi akabana: serikalini wapi?

"Kwa Waziri wa Afya, Mheshimiwa Paulusi. Namwandalia majibu ya maswali ya Barazani."

Siasi akaweka kikombe chini taratibu. "Mimi niko kwa Mheshimiwa Mialia, mjumbe wa Nuvualik. Namwandalia maswali."

Wakatazamana kama paka wawili na samaki mmoja. Siasi alimuuliza kama posta alikuja kwa bahati au kwa kutumwa. Jutai akamuuliza kama yeye huwa anasimama mbele ya watu kwa makusudi. Wakacheka, lakini kila mmoja alicheka akimtazama mwenzake machoni. Mwisho wakapatana: kwetu mtu akiingia nyumbani huvua viatu mlangoni, basi na kazi nayo itabaki mlangoni pamoja na viatu. Asiulize mtu, asiseme mtu.

Mapatano yakashika majira yote ya kiza, wiki zile ambazo jua halichomozi kabisa. Walitembea juu ya bahari iliyoganda, wakala mkate wa kukaanga kwa dada yake Jutai huku watoto wakiwapanda mabegani, na jioni walipigiana simu hadi masikio yakawa moto. Jutai alimwita Siasi Mama Maswali, naye akaitwa Baba Pampasi. Siku Jutai alipokaa kimya kidogo tu, Siasi aliuliza anamfikiria nani. Siku Siasi aliposifia Waziri kwa utani, Jutai aliuliza anatafuta nini. Mapenzi yao yalikuwa matamu, ila yalilala jicho moja wazi.

Basi huko Nuvualik, kijiji cha Siasi kisichofikika ila kwa ndege, kituo cha afya kilikuwa kimefungwa tangu vuli. Wauguzi walipatikana, nyumba ya kuwalaza ndiyo ilikosekana. Wizara ilisema inakarabatiwa. Dada yake Siasi, Ulayuk, alikuwa na mtoto wa kiume mwenye kifua kibovu. Kifua kikibana, hakukuwa na muuguzi, na ndege haiji upepo ukitaka isije.

Jumapili moja mchana Jutai alipiga simu, akaisikia sauti ya mpenzi wake imejaa mawingu.

"Nani kakuudhi, roho yangu?"

"Mtoto wa Ulayuk anakohoa tena. Na unajua nini? Ile nyumba ya wauguzi taa zinawaka. Watu wanakaanga nyama humo, harufu inafika hadi kwa dada. Wewe umeona nyumba inayokarabatiwa ikakaanga nyama?"

Jutai alitaka kumliwaza tu. Ulimi ukateleza. "Ah, hao ni mafundi wetu wa kompyuta. Walikosa hoteli, wakapewa..."

"Wakapewa nini?"

"Viatu, Siasi. Mlangoni."

"Haya. Viatu."

Lakini viatu vilikuwa vimekwisha kuingia sebuleni. Asubuhi yake Siasi aliandika maswali mawili. La kwanza lilikuwa pole kama maziwa: nyumba ya wauguzi Nuvualik itakuwa tayari lini? Waziri angefungua jalada lake la majibu na kusoma kwamba ukarabati unaendelea. Ndipo Mialia angesimama na swali la nyongeza: kama ukarabati unaendelea, mafundi wa kompyuta wa Wizara wanalala wapi? Msinitazame mimi, mimi nasimulia tu. Lile neno "mafundi" lilitoka mdomoni mwa Jutai, na Siasi alijua hivyo alipokuwa akiliandika. Alijiambia mtoto anakohoa.

Alimwonyesha Mialia peke yake. Mialia, mama mnene mwenye kizibao cha ngozi ya sili na hereni za shanga zilizofika mabegani, alisoma akacheka mpaka hereni zikagongana. Akasema swali hili lina meno.

Siku yenyewe Siasi alikaa jukwaa la wageni, nywele amezisuka. Kabla kengele haijalia alimwona Jutai mlangoni mwa ukumbi, ndani ya suti ya kijivu ambayo Siasi mwenyewe ndiye aliyemchagulia tai yake. Alikuwa amemwinamia Waziri sikioni. Waziri akaitikia kwa kichwa, uso wake mzito. Jutai alipoinua macho akamwona Siasi, akatazama pembeni.

Mialia akasimama, akauliza swali la kwanza kwa upole wote. Waziri Paulusi hakufungua jalada.

"Mheshimiwa Spika, naomba nilichukue swali hili, nilete majibu siku nyingine."

Asiyejua Baraza letu angedhani ni adabu. Kanuni inasema Waziri akilichukua swali namna hiyo, maswali ya nyongeza hayaulizwi tena, yamekufa. Mialia akaketi, akakunja mikono yake. Mtego wa Siasi ukabaki mikononi mwake bila mnyama.

Siasi hakungoja afike nyumbani. Alimpigia Jutai akiwa maegeshoni, pumzi yake ikiganda kwenye manyoya ya kofia.

"Umemwambia."

"Hata salamu hakuna?"

"Nimekuona kwa macho yangu, Jutai. Umemnong'oneza, halafu umeshindwa kunitazama. Tangu lini unanipeleleza? Tangu posta?"

Sauti ya Jutai haikuwa na utani hata punje. "Jana Waziri kaniita ofisini. Kabla sijafungua kinywa, kaniuliza kuhusu mafundi wa kompyuta. Maneno yangu, Siasi, yale niliyokwambia wewe peke yako Jumapili. Yamefikaje kwake?"

"Usinigeuzie kibao."

"Nani kamgeuzia mwenzake? Wewe ndiye uliyenichota. Ulilia kwenye simu, mimi mjinga nikakubembeleza, kumbe kalamu iko mkononi."

"Sikulia ili nikuchote."

"Ila umetumia."

Siasi akakata simu. Kisha akafuta namba, jambo lisilo na maana kwa mtu anayeijua namba kwa moyo. Siku zilizofuata alijilisha shuku asubuhi, mchana na jioni. Alikumbuka kila kahawa, kila busu, akalipima: hapa alitaka nini, pale aliuliza kwa nini? Ulayuk akapiga simu, mtoto akisikika akikohoa nyuma yake, akauliza kama Waziri amejibu. Siasi akasema bado. Akaona yeye ndiye aliyeuza pumzi za mtoto kwa mwanaume mwenye vishimo mashavuni.

Mwisho akaingia ofisini kwa Mialia, akafunga mlango, akasema anaacha kazi. Alieleza yote: posta, simu ya Jumapili, mnong'ono mlangoni. Alisema swali limevuja na mfereji ni yeye.

Mialia alimsikiliza akitafuna samaki mkavu. Akamaliza kipande, akajipangusa vidole.

"Mwanangu, huyo kijana hana kosa. Nilimwambia Paulusi mimi mwenyewe."

Siasi akaketi bila kuambiwa.

Mialia akasimulia kwamba siku moja kabla ya swali alimwalika Waziri nyumbani. Walitandika boksi sakafuni badala ya meza, wakakata samaki mbichi aliyeganda, wakala wakinywa chai, naye akamwambia swali la kwanza na la pili, neno kwa neno. Aliona ajabu kwamba Siasi anashangaa. Si anajua kwamba Paulusi alipewa jina la marehemu baba yake Mialia? Na kwetu jina likimpata mtu, linamjia na ukoo wake. Ndiyo maana mama yule, mwenye umri wa kumzaa Waziri, humwita baba.

"Ulitaka nimvizie baba yangu mbele za watu?" aliuliza Mialia.

"Mama, angekubali kosa pale pale. Ingeandikwa. Sasa amekimbia."

"Pale pale angesoma lile jalada. Angedanganya bila kujua, nami ningemvua nguo, na aliyeaibishwa hakupi nyumba, anakupa visingizio. Kwangu alishindwa kumeza samaki. Alisema hakuambiwa. Nikamwambia kaulize." Akavuta kipande kingine. "Na asipoleta jibu, nitauliza kila siku hadi asahau ladha ya samaki wangu. Mimi ni binti yake, siyo mjinga."

Siasi hakujua acheke au arushe kiti. Alikuwa bado anashuku: adabu ya kula samaki haijawahi kumtibu mtoto kifua.

Waziri alirudi na jibu juma lililofuata. Alisimama bila jalada, shingo imezama kwenye kola. Alisema nyumba ya wauguzi Nuvualik ilikwisha kukarabatiwa zamani. Waliolala humo walikuwa watumishi wa Wizara yake, na jibu alilokuwa ameandaliwa halikuwa kweli. Mafundi wametolewa, wauguzi wawili watapanda ndege Jumatano. Jibu likishatolewa, mjumbe anaruhusiwa swali, na Mialia akasimama taratibu.

"Mheshimiwa Spika, namshukuru Waziri. Je, yeye mwenyewe atakuwa ndani ya ndege hiyo, tumhesabu akishuka?"

Waziri akasema atakuwamo. Jumatano ile Ulayuk alipiga simu akiwa ndani ya kituo cha afya. Mtoto amewekewa mashine ya mvuke puani, alisema, na Waziri yuko nje anabeba maboksi ya wauguzi, amevaa viatu vya mjini, anateleza kama ndama.

Siasi alivaa koti la zambarau, akatembea kwa miguu hadi kwa dada yake Jutai. Alimkuta Jutai kwenye ngazi za mbele akikwangua barafu kwa sepetu, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Hakusimamisha sepetu.

"Nilikushuku bure," Siasi akasema. "Mialia ndiye aliyemwambia."

"Najua. Waziri aliniambia."

"Na pale mlangoni ulimnong'oneza nini?"

"Kwamba lile jibu la jaladani asilisome. Ni la uongo, na niliyelipanga jaladani ni mimi. Nilidhani atanifukuza." Akakwangua kidogo. "Hajanifukuza. Bado ananiangalia."

"Ulinishuku kwamba nimekuchota."

"Ndiyo."

"Hukunishuku bure," Siasi akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Niliandika neno lako nikijua ni lako. Sikukuomba ruhusa."

Sepetu ikasimama. Jutai alimtazama, vishimo vimefutika mashavuni. "Ungeniomba ningekupa."

"Usingenipa, Jutai."

Akafikiri. "Nisingekupa."

Na hapo, sijui kwa nini, wote wawili wakacheka, kicheko cha watu waliochoka kulinda milango. Siasi akasema akipata tena neno kama lile na mtoto anakohoa, hajui kama hataliandika. Jutai akasema anajua, na kila simu yake sasa ataisikiliza jicho moja wazi. Siasi akasema hata yeye, akimwona tu ananong'ona na mtu, atataka kujua wanasema nini.

"Basi tuoane," Jutai akasema. "Bora nikushuku ukiwa karibu."

Siasi alimshika kola ya koti, akamvuta hadi pua zao zikagusana, akamnusa shavuni kama anavyonuswa mtu aliyerudi kutoka mbali. Akasema ndiyo, Baba Pampasi. Kisha kichwa chake kikaanza kazi yake ya kawaida. Hapo kwa dada, alikokaa Jutai, walilala watu saba vyumba viwili. Siasi mwenyewe alipanga kochi kwa shangazi yake. Na orodha ya kungojea nyumba katika mji huu ni ndefu kuliko majira ya baridi.

"Sasa tutakaa wapi, mpenzi?" Jutai akauliza.

"Hilo ni la Waziri wa Nyumba," Siasi akasema, akimpangusa theluji begani. "Kesho namwandikia Mialia swali. Na safari hii, tafadhali, usiniambie chochote."