Mpiga Ngoma wa Baridi Rekodi

Ninalitangazia taifa zima kwamba historia ya muziki wa posti-panki ilihitimishwa Makambako, ndani ya ghala la viazi. Taifa halikuuliza. Basi niseme tu kwamba Jumamosi asubuhi mjomba wangu Hosea alikutwa humo amekatwa koo, na damu ilikuwa imeruka hadi kwenye spika.

Hosea ndiye aliyeanzisha Baridi Rekodi, lebo ya muziki. Lebo iliishi mwaka mmoja, ikatoa kaseti moja ya magitaa makali na ngoma kama mtu anayevunja mlango, ikafa. Aliyemkuta ni Enoki, mwimbaji wake wa zamani, sasa mwalimu wa kwaya.

"Nilimwinua, Afande. Nilidhani anapumua."

Shati lake lililowa damu, na vijana wa stendi, wakidhani yeye ndiye muuaji, walikuwa wameshamvunja meno mawili. Inspekta Dafroza aliwatawanya kwa kirungu, kisha akanichukua nimwonyeshe kwa Tarsis, mpiga ngoma wa kaseti ile, kule Njombe.

Tarsis sasa anagema ulanzi, pombe ya mianzi.

"Kamwene, baba," Dafroza alimsalimu.

"Kamwene. Nimesikia msiba. Nilikuwa Lugarawa tangu Alhamisi, namuuguza mke. Nimeshuka basi sasa hivi."

"Mianzi anakugemea nani?"

"Hakuna. Kisu changu hakishiki mtu mwingine."

Dafroza alitungua mbeta moja, kile kipande cha mwanzi kinachokingia ulanzi, akaonja. "Mtamu, wa leo. Mwanzi usipokatwa ncha asubuhi na jioni unakauka, baba. Huu unadondoka."

Kisu kilitoka. Kilimpasua Dafroza mkono hadi mfupa ukaonekana. Naye akampiga Tarsis mbeta ya uso, mara mbili, pua ikalala upande.

"Ngoma zile ni zangu," Tarsis alisema kwa mdomo uliojaa damu. "Hosea amewaambia wazungu alipiga yeye."

Alitupa simu chini. Kulikuwa na ujumbe wa gazeti la Ulaya, na picha ya kaseti juu ya sanduku la bati la kijani lenye kufuli la njano.

Jioni, mkono ukiwa kwenye bendeji, Dafroza alisimama chumbani kwangu akiliangalia sanduku langu la bati la shule. La kijani. Kufuli la njano.

"Fungua, Jasmine."

Kaseti ilikuwa juu ya sare.

"Mzungu ni nani?"

"Ni mimi, Afande. Nilitaka wagombane kidogo, halafu tucheke."

"Na Hosea alikuwa akisemaje kuhusu ngoma zile?"

"Kwamba bila Tarsis ingekuwa kelele tu. Alisema kila siku." Nilikaa juu ya kitanda. "Nilikuwa najua hayo, Afande, nilipomwandikia Tarsis."