Vidonge vya Mukandori na Jembe Ukutani

Je, wewe umekwisha kuona muntu anaketi mbele ya chungu, maharagi iko ndani, maji iko ndani, na chini hakuna moto?

Mukandori alikuwa hivyo. Aliketi kwa kiti kidogo, mikono juu ya magoti, akingoja maharagi yachemke. Mafiga yalikuwa baridi kama mawe ya mtoni. Mume wake Evode alimkuta hivyo alipotoka shamba la viazi. Alivunja vijiti, akawasha moto mwenyewe. Siku zile hakuogopa tena kuchekwa na wanaume wa Karuba. Alikuwa na woga mwingine, mkubwa zaidi.

Kwao ni Bihambwe. Vita ilipofika huko, walikimbilia Karuba na binti yao Umwali na mdogo wake. Mama wa Mukandori, mzee Mukandayisenga, alibaki. Miguu yake ilikuwa imevimba, hakuweza kupanda kilima. Mwenyewe aliwafukuza: nendeni, nendeni, mimi nachunga nyumba. Miezi mingi walimngojea. Halafu, msimu uliopita, jirani yao wa huko, Sebarenzi, akafika Karuba na habari. Mzee amekufa. Wamemzika nyuma ya nyumba, karibu na migomba.

Tangu hapo Mukandori hakuwa yeye. Aliamka kabla ya jogoo, akabaki anatazama ukuta. Chakula alionja mara mbili, akasukuma sahani. Kibuyu cha kusukia maziwa, ambacho zamani alikitikisa huku akiimba, kilikauka kikapasuka. Na jembe lake liliegemea ukuta hata mpini ukaota ukungu. Majirani wengine walisema ni uvivu. Wengine walisema amerogwa.

Evode alimpeleka santre ya afya. Munganga pale alikuwa Mama Léontine, mwanamke wa Butembo, mwenye sauti ya taratibu. Alipima malaria, akapima damu, akauliza maswali marefu. Mwisho alisema huu ni ugonjwa wa huzuni nzito, na unatibika. Akatoa vidonge. Akaeleza mambo mengi sana, lakini Evode alishika moja tu: kimoja kila siku.

Yeye alifikiri ni kama dawa ya malaria. Siku ya tatu mgonjwa anaomba chakula. Kwa hiyo kila asubuhi alisimama na kikombe cha maji, akimtazama Mukandori usoni. Juma la kwanza, hakuna kitu. La pili, hakuna. Evode akaona dawa ni kidogo, akaanza kumpa viwili. Mukandori akatapika, mikono ikatetemeka, kichwa kikazunguka. Evode akaogopa, akarudi kwa kimoja.

Polepole usingizi ukarudi. Sahani ikafika nusu. Lakini jembe halikutoka ukutani.

Asubuhi moja Umwali alimfuata baba yake shambani. Alikuwa anapumua kwa nguvu. Mama amemwambia kitu, alisema. Amemwambia: nikilala nisiamke, chumvi iko kwa mkebe nyuma ya mlango, wewe ndiye utapikia mdogo wako.

Evode aliacha jembe hapohapo kwenye tuta. Alimwomba Mama Fifi, jirani yao, akae na Mukandori, asimwache hata kidogo. Kisha akashuka mbio mpaka santre, pakiti ya vidonge mkononi.

"Mama Léontine, dawa yenu haina nguvu," alisema. "Bibi yangu ananifwia."

Léontine alivaa buti zake. Njiani alimuuliza alivyokuwa akitoa dawa, na Evode akakiri ile habari ya vidonge viwili. Léontine hakumgombeza. Alimwambia dawa hii huchukua majuma kadhaa kabla ya kuonekana. Muntu asiongeze mwenyewe, na asiiache kwa ghafula, mpaka aseme na munganga.

Walipofika, aliketi chini karibu na Mukandori, akamuuliza wazi.

"Mama, mawazo ya kujiua inakuya?"

Evode alitaka kumzuia. Alifikiri kulitaja jambo hilo ni kulialika. Lakini Mukandori alijibu, na sauti yake ilikuwa kama ya muntu aliyetua mzigo.

"Inakuya. Sijafanya kitu. Nimechoka tu."

Léontine alimshukuru kwa kusema. Akamweleza Evode kwamba kuuliza hakumpandikizii muntu mawazo hayo; kunamfungulia mlango. Vidonge avitunze yeye Evode. Mukandori asibaki peke yake siku hizi. Yeye Léontine atarudi kesho, na kesho kutwa. Na mawazo yakizidi, wamlete santre papo hapo, wasingoje.

"Lakini dawa si anakunywa?" Evode aliuliza. "Kwa nini haponi?"

"Papa Evode, wewe ni mulimaji. Shamba ya viazi ikijaa maji, majani inaugua. Unapiga dawa?"

"Napiga."

"Majani inapona?"

"Inapona kidogo. Lakini bila mufereji, viazi itaoza tu."

"Ndiyo vile. Dawa imemurudishia usingizi, na hiyo si kidogo. Asiiache. Lakini dawa haichimbi mufereji."

Kisha akaeleza kwamba huzuni hii haina mzizi mmoja. Kuna vita, kuna kuacha nyumba, kuna njaa, kuna kukaa peke yako. Wengine wanaurithi wepesi wa kuugua kutoka ukoo wao. Si uvivu, wala si uchawi. Halafu akatazama lile jembe.

"Kwenu, muntu aliyefiwa anashika jembe lini?"

"Kilio kikiisha," Evode alisema. "Mbele ya kilio kuisha, hapana. Ni mwiko."

"Na mama yenu mulimulilia?"

Hawakumlilia. Sebarenzi alipoleta habari, Evode ndiye alisema kilio kingoje. Wataitaje watu kilioni bila kasiksi, hata debe moja la hiyo pombe ya ndizi? Watu watawacheka. Watalia wakirudi kwao. Tena, kwa huruma yake, alikataza watoto wasitaje jina la mzee ndani ya nyumba. Mukandori hakupewa ruhusa ya kuketi kwenye mkeka wa kilio. Basi angeinukaje?

Siku iliyofuata Evode alitandika mkeka. Alikwenda nyumba kwa nyumba, akasema tunamlilia Mukandayisenga, kasiksi hakuna. Watu walikuja. Mama Fifi alileta uji wa mtama, Sebarenzi alileta kuni. Siku tatu walimtaja mzee: ulimi wake mkali, namna alivyoficha siagi mbali na wakwe zake. Siku ya pili Mukandori alicheka kwa ajili ya hiyo siagi, kisha akalia sana, na wanawake wakamshika.

Kilio kilipoisha, Mukandori alifuta ukungu kwenye mpini wa jembe.

Hakupona siku ile. Vidonge aliendelea navyo miezi mingi, kimoja kila siku, mkononi mwa Evode. Siku za Alhamisi aliketi na wanawake wengine santre, wakasimuliana. Asubuhi nyingine bado zilikuwa nzito, na milio ya bunduki ikisikika ng'ambo ya vilima, alirudi nyuma hatua mbili. Lakini yale mawazo yalipungua, akaweza kuyasema yalipokuja. Chungu kilichemka. Kibuyu kipya kilitikiswa.

Siku moja walikuwa wanachimba mfereji shambani, yeye mbele, Evode nyuma. Mukandori akasimama, akaegemea jembe.

"Evode."

"Niko."

"Ile siku tulikimbia, kwa kilima, nilitaka tumurudilie mama, tumubebe. Nilitaka kusema. Sikusema."

Evode alitua jembe lake, akaja kusimama kando yake, akamwambia, "Sasa umesema; sema yote."